Siku Breki Ilipomkataa Mzee Polepole

Fundi aliandika maneno mawili tu, "Breki nzima," akatia sahihi yake chini, kisha akabaki ameikodolea macho ile karatasi juu ya boneti. Mikono yake ilikuwa na grisi, na alama ya kidole gumba ilibaki pembeni ya maandishi kama muhuri. Alitamani angekuwa ameandika kinyume chake. Ni mara ya kwanza katika miaka yake tisa ya ufundi umeme wa magari kuomba moyoni gari alilopewa liwe bovu.

Gari lilikuwa la kituo cha afya, jeupe, la kubeba watu kumi, lile linalopita nyumba kwa nyumba mara tatu kwa wiki kuwakusanya wagonjwa wa figo na kuwapeleka kusafishwa damu. Na dereva wake, kwa miaka kumi na minane, alikuwa baba yake mzazi.

Kituoni walimwita Mzee Polepole. Hawakumwita hivyo kwa dharau. Aliendesha kama mtu aliyepakata trei ya mayai; wagonjwa walisinzia nyuma yake, na wenye haraka zao barabarani walimpigia honi mpaka wakachoka wenyewe. "Waache wapige," alizoea kusema, "betri ni yao."

Ndiyo maana Jumatatu ile, habari zilipoenea kwamba Mzee Polepole ameligongesha gari kwenye nguzo ya mlango wa kituo, watu walicheka kwanza. Walidhani ni utani. Kisha wakakiona kiti cha magurudumu. Kilikuwa kimebanwa kati ya bampa na nguzo, kimekunjika kama mwavuli uliokutana na dhoruba. Mgonjwa aliyekuwa amekikalia alikuwa ameinuka kitambo kidogo tu, hata dakika haijaisha. Mlinzi aliyekuwa akikisukuma alijirusha pembeni, akaangukia viganja, ngozi ikabaki kwenye saruji.

"Nimekanyaga breki, ikanikataa," Mzee alimwambia msimamizi wa kituo.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyepaza sauti hata akiwa na hasira. Alimkalisha ofisini, akampa maji.

"Mzee wangu, labda mguu ulikosea njia. Ukakanyaga mafuta."

"Sikukanyaga mafuta."

"Inatokea. Umri si kosa la mtu."

Hilo ndilo neno alilorudi nalo Mzee nyumbani siku hiyo, na gari likapelekwa kwa binti yake likapimwe, kwa kuwa ndiko lilikotengenezwa siku zote. Hakuna aliyeona ubaya kwa binti kupima gari la baba yake. Walimjua. Hata kwenye karata hakuweza kudanganya; uso wake ulimsaliti kabla hajatupa karata yenyewe.

Alilipima kwa siku nzima ya Jumanne. Taa ya onyo kwenye dashibodi haikuwaka. Alichomeka mashine yake ya uchunguzi chini ya usukani, akaiuliza kompyuta ya breki kama inakumbuka kosa lolote, nayo ikajibu haikumbuki chochote. Kwenye kila gurudumu kuna sensa, kidude kidogo kama ncha ya kidole, kazi yake kuieleza kompyuta gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Alizipima zote nne kwa mita, moja baada ya nyingine. Zote nzima. Alivuta waya zake inchi kwa inchi akitafuta ule unaokatikia ndani ya ganda huku nje unang'aa. Alifungua soketi, akazimulika kwa tochi akitafuta kutu ya kijani. Hakuna. Mwisho akalitoa barabara kuu, akalikimbiza mpaka sitini, akakanyaga breki kwa nguvu. Gari lilisimama limenyooka, limetulia. Akarudia mara sita, na mara sita likasimama.

Basi akaandika alichokiona. Jioni alimpelekea baba yake nakala, maana hakutaka aisikie kwa watu wengine.

Mzee aliisoma karatasi taratibu, akaikunja mara mbili.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Baba, sikuandika kwamba ni wewe."

"Hukuandika. Lakini gari na mimi tulikuwa wawili tu pale. Kama si lenyewe, ni nani?"

Fundi akaaga, akarudi kwake. Usiku ule hakulala vizuri, na si kwa sababu ya joto. Alianza kukumbuka mambo ambayo zamani yalimchekesha. Mwezi uliopita baba yake alimwita kwa jina la marehemu mkewe, mara mbili mfululizo. Siku nyingine alitafuta funguo nyumba nzima, kumbe ziko kwenye friji, juu ya maziwa. Wakati ule walicheka wote wawili mpaka wakafuta machozi. Sasa kila kicheko kilimrudia kama ushahidi.

Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, ambayo alikuwa ameikalia kama mtu anayekalia sanduku lisifunguke. Wiki tatu nyuma, yeye mwenyewe ndiye aliyelala chini ya gari lile. Mpira unaofunika kiungo cha ekseli ya mbele kushoto ulikuwa umechanika, akaitoa ekseli, akaweka mpira mpya, akairudisha. Kazi ya saa mbili. Mpira ule hauna uhusiano wowote na breki. Alijiambia hivyo. Akajiambia tena, na tena, mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema.

Jumatano asubuhi gari lilirudi kazini na dereva mpya. Saa tatu na nusu fundi alipitia kwa baba yake kumjulia hali. Alimkuta sebuleni, amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, amevaa shati lake la kazi lililopigwa pasi, kana kwamba kuna mtu atakuja kumwita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Wewe je?"

 Mzee alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Fundi akainama kumsikiliza. Mzee alikuwa akitaja wagonjwa wake kwa mpangilio wa nyumba zao: mwalimu mstaafu, yule wa geti la bluu, mapacha, bibi wa kiti cha mbele.

"Nawataja kila asubuhi," alisema, macho dirishani. "Tangu juzi. Nikimsahau mmoja nitajua imeanza."

"Umemsahau yeyote?"

"Bado."

Fundi alivuta stuli akaketi mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Hapo ndipo alipofanya jambo alilopaswa kulifanya kabla ya kugusa hata spana moja. Alimuuliza.

"Baba, nielezee. Si kama ulivyomwelezea msimamizi. Nielezee mguu wako ulisikia nini."

Mzee alifumba macho. Akanyoosha mguu wa kulia, akaukandamiza taratibu kwenye sakafu kama vile pedeli iko pale.

"Nashuka ule mteremko wa mlangoni. Mwendo wa mtu anayetembea. Nakanyaga, inashika vizuri. Inakaribia kusimama kabisa. Halafu chini ya mguu, trrrrr. Pedeli inanipiga unyayoni, kama nimekanyaga kuku aliye hai. Na gari linaachia. Nakanyaga zaidi, trrrrr, linaachia."

"Trrrr," fundi alirudia.

"Ndiyo. Kama kuku."

 Fundi aliijua sauti hiyo. Kila fundi wa breki anaijua. Ni pampu ya mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Kwenye barabara yenye utelezi, gurudumu likijifunga ghafla, kompyuta huiachia breki ya gurudumu hilo kidogo, kisha huikaza, huiachia, huikaza, haraka haraka, ili gari lisiteleze. Inaokoa maisha. Lakini kwenye saruji kavu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, haina sababu hata moja ya kuamka. Isipokuwa imedanganywa. Isipokuwa kuna gurudumu linalozunguka vizuri huku kompyuta ikiambiwa limesimama.

Na mtu anayepotewa na akili hawezi kubuni mtetemo ule.

"Baba, saa ngapi gari linafika kituoni?"

"Saa nne na robo. Kwa nini?"

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Aliitoa simu mfukoni, ikamteleza, ikaanguka mkekani, akaiokota. Simu ya dereva mpya iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kichwani aliuona mteremko ule wa saruji, unaoshuka kutoka getini hadi kwenye mlango wa kituo, na chini yake, kila siku ya matibabu, ule mstari wa viti vya magurudumu ukingoja. Watu wasioweza kuruka pembeni.

Mara ya tatu simu ilipokelewa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke mzee, yenye mikwaruzo.

"Haloo, naomba dereva tafadhali."

"Dereva anaendesha. Hii simu imelia mpaka imenichosha. Wewe nani?"

"Mimi fundi wa hilo gari. Bibi, shikamoo. Naomba—"

"Marahaba. Fundi yupi? Mtoto wa Polepole?"

"Ndiye mimi. Bibi, mwambie dereva asimame. Sasa hivi, mahali tambarare, pasipo na watu. Asishuke ule mteremko wa kituoni."

Alisikia maneno yakipelekwa, na jibu la mwanamume likirudi kwa mbali, limejaa haraka.

"Anasema amechelewa tayari."

"Mwambie breki zitamkataa kama zilivyomkataa baba yangu."

 Halafu sauti ya dereva ikaja wazi kabisa, bila shaka bibi alikuwa ameisogeza simu karibu naye: "Dada, fundi aliandika breki nzima. Karatasi nimeiona kwa macho yangu, na sahihi ipo."

Fundi alifumba macho.

"Aliyeandika ni mimi," alisema. "Na nilikosea. Kaka yangu, nakuomba, simama."

Lakini simu ilikuwa imekatika, na hakujua kama maneno yale yalifika.

Mzee Polepole alikuwa ameshasimama mlangoni, viatu mguuni.

"Sasa hivi anatoka kwa mapacha," alisema. "Atapita barabara ya shule. Sisi tupite nyuma ya soko, tutamuwahi getini."

Waliingia kwenye pikapu ya karakana. Fundi aliendesha vibaya kuliko siku zote. Gia zilikwaruza. Baba yake hakusema neno juu ya mwendo, yeye ambaye humkemea mtu akizidi arobaini. Alielekeza tu: kushoto, nyoosha, angalia yule mtoto, kulia. Nyuma ya soko kulikuwa na lori linashusha mbao, limeziba njia nusu. Fundi alipiga honi, akapiga tena. Wapakuzi walimtazama kwa uvivu. Ndipo Mzee alipotoa kichwa dirishani na kusema, kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia kwake, "Watu watakufa! Sogezeni!" Nao wakasogeza.

Walipofika kituoni, gari jeupe lilikuwa halijaonekana. Fundi aliiacha pikapu getini mlango wazi, akashuka mteremko mbio. Viti vilikuwa vitano. Mlinzi, viganja vyake vimefungwa bandeji, alikuwa akivipanga.

"Watoe hapa! Wote! Waingize ndani!"

"Kuna nini tena?" mlinzi aliuliza, lakini alikuwa ameshashika kiti cha kwanza. Mtu aliyewahi kuponea chupuchupu haulizi mara mbili. Muuguzi mmoja akatoka, akashika cha pili. Fundi akashika cha tatu. Magurudumu yake yalikuwa yamefungwa na hakujua kifungulio kiko wapi, akakiinua na mgonjwa wake, mzee mwepesi kama kapu, akamvusha kizingiti.

Ndipo akasikia injini juu getini.

Gari liliingia. Dereva hakuwa amesimama njiani. Alikuwa kijana makini, mwenye karatasi yenye sahihi, na kwake ile simu ilikuwa ya binti anayetaka kuokoa jina la baba yake. Alipoona pikapu imeachwa ovyo na watu wakikimbia chini, alikanyaga breki, taratibu, kama dereva yeyote mwenye akili. Pua ya gari ilikuwa tayari imeanza kushuka.

Fundi aliisikia kutoka pale alipo. Trrrrr.

Gari lilipunguza mwendo, likakaribia kusimama, likaachia. Uso wa dereva nyuma ya kioo ulibadilika. Akakanyaga kwa nguvu zaidi. Trrrrr. Gari likateleza hatua nyingine, kwa upole, bila kelele, na upole huo ndio uliotisha. Viti viwili bado vilikuwa nje. Muuguzi alikuwa amekumbatia kimoja, anakivuta kinyumenyume, gurudumu limenasa kwenye kizingiti.

Mzee Polepole alikuwa amesimama kando ya mteremko, upande wa dirisha la dereva. Hakukimbia. Alinyoosha mkono wake, akaukunja ngumi, akauvuta juu kwa nguvu, mara moja, mara mbili, kama anayeng'oa muhogo.

"Ya mkono! Vuta ya mkono!"

Dereva alikuwa ameganda, mikono miwili kwenye usukani, macho kwenye viti. Hakusikia. Aliyesikia ni bibi wa kiti cha mbele. Aliinama, akashika breki ya mkono kwa mikono yake yote miwili yenye alama za sindano, akaivuta mpaka mwili wake ukaegemea mlango.

Matairi ya nyuma yalilia. Gari likasimama. Kati ya bampa na kiti cha mwisho palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja, akijibana.

 Kisha dirisha la mbele likashushwa na bibi akatoa uso, anahema.

"Kwa mume wangu nilikuwa naendesha trekta," alisema. "Nani anishushe? Nina miadi ya saa nne na nusu."

Watu walicheka, kicheko kile cha ovyo kinachotoka mtu akishapona. Fundi hakucheka. Aliketi palepale kwenye saruji.

Lakini kazi yake haikuwa imekwisha. Wagonjwa walipokwisha kuingizwa ndani, aliomba gari lisukumwe mpaka uwanja wa nyuma, mahali tambarare. Alichomeka tena mashine yake, safari hii akaiambia imchoree mwendo wa magurudumu manne kama mistari, na akamwomba dereva aendeshe kwa mwendo wa kutembea huku yeye ameketi pembeni. Mistari mitatu ilikwenda sawia. Wa nne, wa mbele kushoto, ulikwenda sawia na wenzake, kisha ukadidimia ghafla, ukarudi. Ukadidimia tena. Mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Mbele kushoto.

Aliliinua kwa jeki, akatoa tairi, akalala chini na tochi. Kwenye ekseli imevikwa pete ya chuma yenye meno kuizunguka pande zote. Sensa huyahesabu meno hayo yanapopita mbele yake. Fundi aliizungusha pete kwa kidole, jino kwa jino. Sensa ilikuwa nzima, waya zilikuwa nzima, na kompyuta ilikuwa nzima. Ndiyo maana havikulalamika. Kilichokuwa kibovu ni kile walichokuwa wakikisoma. Baina ya meno mawili pete ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele, na hapo nafasi ilikuwa pana kuliko kwingine. Mwendo mkubwa pengo lile hupita haraka, kompyuta isishughulike nalo. Kwa mwendo mdogo huonekana kama gurudumu limejifunga; tambarare gari husimama hata hivyo, lakini mteremkoni huendelea kushuka. Yeye alikuwa amelipima gari kwa sitini na kulisimamisha ghafla, mwendo mdogo ukipita kufumba na kufumbua. Alilipima kwa mwendo ambao Mzee Polepole hakuwahi kuufikia maishani mwake.

Na pembeni ya ufa kulikuwa na kovu dogo linalong'aa, la mviringo upande mmoja. Alilijua. Siku ile ya kubadilisha mpira, ekseli ilikuwa imekwama, naye alikuwa na gari jingine linalomngoja. Alichukua nyundo. Ya kwanza iligonga palipotakiwa. Ya pili iliteleza.

Alikuwa amesahau kabisa ile ya pili. Sasa aliisikia masikioni.

Alibaki chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyodai. Aliviona viatu vya msimamizi vikija, vya mlinzi, vya baba yake. Ufa ungeweza kuwa wa kutu. Pete hizi hupasuka zenyewe, mafundi wote wanajua, na hakuna hata mmoja kati ya wenye viatu vile aliyejua kusoma kovu la nyundo. Angesema "kutu" na wangemshukuru. Baba yake angesafishika vilevile.  Kule mteremkoni alihofia wengine, hapa alijihofia mwenyewe, karakana yake, wateja, jina.

"Umeona nini?" msimamizi aliuliza.

Alitoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa kitambaa, ambacho hakikusafisha kitu.

"Pete ya sensa imepasuka. Breki zilikuwa zinaachia zenyewe kwenye mwendo mdogo. Baba hakukosea. Alisema kweli tangu mwanzo."

"Imepasuka kwa sababu gani?"

Fundi akakikunja kitambaa.

"Niliipiga nyundo. Wiki tatu zilizopita, nilipotoa ekseli. Iliteleza. Ufa ukakua taratibu, halafu jana nikapima vibaya nikaandika ni nzima."

Dereva mpya alitazama chini. Mlinzi aliangalia bandeji zake, kisha akamwangalia yeye. Fundi angependa zaidi atukanwe. Msimamizi alivuta pumzi.

"Nitahitaji hayo kwa maandishi," alisema, kwa sauti yake ileile ya chini. "Na magari yetu, kwa sasa, tutayapeleka kwingine. Utanielewa."

"Nakuelewa."

 Mzee Polepole alisogea mpaka kwenye gurudumu lililofunguliwa, akachutama kwa shida, mkono kwenye goti.

"Nionyeshe."

Fundi alimmulikia. Mzee aliuangalia ufa ule, akaugusa kwa ukucha.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, Baba. Ni mimi."

Mabega yake yalianza kutikisika. Binti alidhani anacheka, mpaka alipoona machozi yakimshuka kwenye mikunjo ya mashavu. Alilia hivyohivyo amechutama, bila kuficha uso, na fundi hakujua kama anaruhusiwa kumshika.

Hasira ilikuja baadaye. Siku nne Mzee hakupokea simu ya binti yake. Siku ya tano alipokea, akasema, "Ulinipa karatasi nikaisoma, nikaanza kuiaga akili yangu. Unajua hicho kitu?" Fundi akasema anajua. "Hujui," baba yake akamjibu, akakata. Lakini kesho yake alikuja karakana mwenyewe, kwa miguu, akakaa kwenye tairi kuukuu akanywa chai aliyopewa, wakazungumza juu ya paa la jikoni linalovuja.

Fundi alimfuata mlinzi nyumbani kwake kumwomba radhi. Mlinzi akamwambia viganja vimepona, ila akisikia injini nyuma yake bado anaruka. Kwa hilo fundi hakuwa na dawa.

Kituo kilimrudisha Mzee kazini. Pete mpya iliwekwa na fundi mwingine, karakana nyingine, lakini Mzee hakukubali kubeba mgonjwa hata mmoja mpaka binti yake alipime. Msimamizi aliruhusu. Jumapili asubuhi, kituo kikiwa kitupu, waliingia garini wawili, baba kwenye usukani, binti pembeni na mashine mapajani. Juu ya mteremko Mzee alisimamisha gari. 

"Naogopa, mama," alisema.

"Hata mimi."

"Basi soma kwa sauti."

Akaachia. Gari likaanza kushuka, na fundi akasoma namba nne za mwendo wa magurudumu manne: nane, nane, nane, nane. Saba zote. Nne zote. Baba akakanyaga. Mbili, mbili, mbili, mbili. Binti akangoja mtetemo, na alimwona baba naye anaungoja, unyayo mzima ukisikiliza.

Sufuri, sufuri, sufuri, sufuri.

"Tena," alisema Mzee, akarudisha gari nyuma mpaka juu.

Walishuka mteremko ule mara kumi na tisa asubuhi hiyo.